Saa ya Papa inayochelewa: garanti ya Uswisi ukiwa Lubumbashi

Papa, yaani baba yangu, alifanya kazi reli, hapa hapa Lubumbashi, mpaka kichwa kikawa cheupe. Kazi yake ilikuwa kupanga treni zinavyoondoka na zinavyopishana. Mtu wa namna hiyo humwambii kwamba dakika mbili si kitu. Kwenye njia moja ya reli, treni moja ikiwa imeambiwa isubiri kituoni ili nyingine ipite, dakika mbili ni uhai wa watu. Mji wetu wenyewe umekua pamoja na reli: njia kutoka kusini ilifika 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa, na familia nyingi za hapa zimelelewa kwa saa ya stesheni.

Alipostaafu, sisi watoto tulichanga. Kaka yetu mkubwa, ambaye nyumbani sote tunamwita Yaya, anaishi Bruxelles. Yeye ndiye aliyenunua saa yenyewe: ya Uswisi, ya mitambo, otomatiki, yenye neno Chronometer kwenye uso wake. Chapa siitaji. Ninayoeleza yanamhusu yeyote mwenye saa ya aina hiyo akiwa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, mbali na mahali inapotengenezwa, anayeshikilia kadi ya garanti (dhamana) bila kujua aanzie wapi kuitumia.

Mwaka wa kwanza ulipita vizuri. Wa pili haukuwa umefika nusu Papa aliponiita barazani akaniambia, «Mama, hii saa iko nachelewa.» Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetoa taarifa, akanionyesha simu na saa pamoja.

Kila aliyesikia alikuwa na sababu yake. Jirani alisema ni joto la Oktoba. Shemeji akasema ni mwinuko wa mji, kwamba saa za Ulaya hazikutengenezwa kwa mji ulio karibu mita 1,200 juu ya bahari. Mwingine alininong'oneza kwamba labda Yaya aliuziwa ya bandia. Sababu hizi tatu tulizimaliza haraka. Saa iliyopewa cheti cha kronomita na COSC, taasisi ya Uswisi inayopima mashine za saa tangu 1973, hupimwa kwa siku 15, katika mikao mitano, na katika nyuzi joto 8, 23 na 38. Mchana wetu wa Oktoba unaingia humo. Hewa nyepesi ya mlimani, kama inabadilisha chochote, hubadilisha kidogo mno. Na bandia haikuwa: namba iliyochongwa kwenye saa ndiyo namba iliyo kwenye kadi, na duka ni la wakala aliyeidhinishwa.

Yaya naye alikuwa na neno lake, na lilikuwa na uzito zaidi: sumaku. Siku hizi tumezungukwa na sumaku, kwenye kava za simu, kwenye spika, kwenye vifungo vya mikoba. Springi ile nyembamba inayorudisha gurudumu la mizani, lile dogo linalokwenda na kurudi kila mpigo wa saa, ikipata sumaku, mizunguko yake hushikana na kuwa kama imefupishwa, na saa huanza kukimbia, wakati mwingine dakika nyingi kwa siku. Lakini ya Papa haikukimbia. Ilichelewa. Kwa hiyo sumaku tuliiweka pembeni, tukisema tutaipima baadaye ili tuwe na uhakika.

Kabla ya kumlalamikia mtu yeyote nilitaka kuelewa saa ya mitambo inaruhusiwa kukosea kiasi gani. Hapa ndipo wengi wanapopoteza kesi yao mapema. Wanaingia dukani wakisema saa ya bei hii haipaswi kukosea hata sekunde moja, na mhudumu anajua hapohapo kwamba hawajui wanachodai. Siku ina sekunde 86,400. Saa ya Papa hupiga mara 8 kwa sekunde, yaani mara 28,800 kwa saa, zaidi ya mara 690,000 kwa siku. Kila mpigo ni gurudumu dogo linalokwenda na kurudi kwa nguvu ya springi, mafuta yakiwa kidogo sana kwenye ncha zake. Kipimo cha COSC kinaruhusu wastani wa kuchelewa sekunde 4 hadi kuwahi sekunde 6 kwa siku. Chapa nyingine zimejiwekea kipimo kikali zaidi, na saa zisizo na cheti huruhusiwa kukosea zaidi ya hapo. Saa ya kwatzi, yaani ya betri, ya dola kumi kwenye soko la Kenya hapa mjini itaishinda ya Papa kwa usahihi bila jasho, maana kwatzi ya kawaida hukosea kama sekunde 15 kwa mwezi mzima. Papa analijua hilo. Anapenda ya mitambo kwa sababu inaweza kufunguliwa, kusafishwa na kurudishwa kazini hata baada yake yeye, na mimi nakubaliana naye kabisa.

Basi swali halikuwa kama saa inakosea. Swali lilikuwa: inakosea kiasi gani, ikiwa katika hali gani? Tukanunua daftari.

Tulianza na ufunguo. Jambo hili ningependa kila mwenye mzazi aliyestaafu alisikie. Saa otomatiki hujitia ufunguo kwa mwendo wa mkono. Ndani yake kuna uzito unaozunguka mtu anapotembea na kufanya kazi. Mzee anayekaa barazani, anayesoma, anayepokea wageni, mkono wake hautembei vya kutosha. Springi kuu haijai, nguvu inayofika kwenye gurudumu la mizani inapungua, na saa inaweza kuanza kuchelewa ingawa haina ugonjwa wowote. Fundi wa mbali ataliuliza hili kabla ya yote, na ni haki yake. Kwa hiyo kila asubuhi mimi au mdogo wangu tulikifungua kile kifungo cha pembeni kwa kukizungusha, tukaitia ufunguo mizunguko 30 na zaidi, kisha tukakirudisha na kukikaza. Kukikaza ni lazima, kwa sababu vumbi jekundu la kiangazi chetu linaingia popote penye mwanya, na maji pia.

Saa ikaendelea kuchelewa.

Halafu kipimo chenyewe. Papa alizoea milio sita ya BBC, enzi za redio ya masafa mafupi, na bado anaiheshimu. Lakini redio ikija kwa intaneti au kwa setilaiti, mlio unafika ukiwa umechelewa, na kuchelewa kwake kunabadilika kila siku. Hata kulinganisha na Yaya kwa simu ya video hakufai. Kipindi cha kiangazi cha Ulaya Bruxelles na Lubumbashi tunakuwa saa moja ileile, wakati Kinshasa wako nyuma yetu saa nzima, lakini picha ya video inakawia njiani. Tukachagua kitu kimoja tu: simu yangu, ikiwa imewekwa ijirekebishe yenyewe, na programu inayoonyesha sekunde. Kifungo kikivutwa, mshale wa sekunde wa saa ya Papa unasimama. Unasubiri simu ifike dakika kamili, unakisukuma, saa inaanza. Siku ya pili, saa ileile ya jioni, unaweka saa kando ya simu na kupiga picha moja inayoonyesha vyote viwili. Picha ina faida kuliko maneno, kwa sababu haina «kama».

Wastani ulitoka kuchelewa sekunde 18 kwa siku, saa ikiwa mkononi mwa Papa na imetiwa ufunguo. Kwa wiki ni zaidi ya dakika mbili. Kwa mwezi ni dakika tisa, na mtu wa reli anajua dakika tisa ni nini.

Lakini sehemu iliyotusaidia kuliko zote ni mikao. Usiku Papa aliivua, na tukawa tunailaza kwa namna tofauti: uso juu usiku mmoja, usiku mwingine imesimamishwa wima kifungo kikiwa chini, mwingine kifungo juu. Kila usiku tuliandika ilivyolala na ilichopoteza. Ikilala uso juu, saa ilikuwa karibu sawa kabisa. Ikisimama kifungo chini, ilipoteza sana. Mwanzoni sikuelewa maana yake. Niliona tu kwamba safu moja ya daftari ina namba ndogo na nyingine ina namba kubwa, tena kila mara, na mimi kazi yangu ni hesabu: namba zinazorudia zina sababu.

Aliyenieleza sababu ni fundi saa mmoja anayekaa mjini, upande wa Posta. Ana meza yenye kioo, taa moja, na kijana anayejifunza kwake. Watu wengi wakisikia saa ya bei kubwa wanawadharau mafundi hawa, na inaniuma, kwa sababu mzee huyu alifanya jambo ambalo liliokoa garanti nzima. Nilimwekea saa mezani nikamwambia, «Papa fundi, sikuja uitengeneze. Nimekuja uisikilize.»

Aliiinua, akaitazama nyuma, akaiweka sikioni muda mrefu. Kisha akaniuliza ilinunuliwa lini. Nilipomwambia, akairudisha mezani taratibu.

«Mama, hii iko na garanti. Mimi siwezi kuifungula. Nikiifungula, garanti ya papa yako inakufa.»

Angeweza kuifungua. Angeweza kuchukua pesa yangu, akatia tone la mafuta, na saa ingetembea vizuri kwa muda. Kadi za garanti za saa kubwa karibu zote zinasema jambo lilelile: ikifunguliwa na mtu asiyeidhinishwa na chapa, garanti imekwisha, na alama za kufungua mfuniko wa nyuma huonekana kwa mwenye kuzijua. Mzee alilijua hilo bila kuisoma kadi yangu.

Alichofanya ni kupima bila kufungua. Kwanza alileta dira ndogo, akaisogeza karibu na saa, sindano haikushtuka. Sumaku tukaiaga rasmi. Kisha kijana wake akachomeka kwenye simu maikrofoni ndogo, akafungua programu inayosikiliza mapigo ya saa. Kwenye karakana kubwa kazi hii hufanywa na mashine ya mezani, lakini wazo ni moja: kila mpigo una mlio, na milio ikipangwa unajua saa inawahi au inachelewa, kama mpigo wa kwenda unalingana na wa kurudi, na gurudumu la mizani linazunguka kwa upana wa digrii ngapi. Saa nzima kiafya, iliyojaa ufunguo na kulala uso juu, kwa kawaida huonyesha digrii 270 hadi 310 hivi. Ya Papa ikiwa uso juu ilikuwa humo. Kijana alipoisimamisha kifungo chini, namba ikaanza kushuka mbele ya macho yetu mpaka ikakaribia 200.

Mzee akanieleza kwa baiskeli. Ukiipindua ikasimama kwa kiti na usukani, ukazungusha gurudumu, linazunguka muda mrefu; ekseli ikiwa kavu, linasimama upesi. Gurudumu la mizani likilala, linasimama juu ya ncha ya mhimili wake, na ncha ni ndogo mno, haisuguani sana. Saa ikisimamishwa wima, mhimili unalala kwa ubavu, msuguano unaongezeka. Kila saa duniani inapungua kidogo ikisimamishwa. Ikipungua sana kama hii, basi kuna mafuta yaliyokauka au kupungua, au kuna sehemu isiyokaa sawa, na hilo halitibiwi kwa kuitia ufunguo.

Alinionya pia nisiende Ulaya na namba za simu yake nikizifanya ushahidi. Programu inahitaji iambiwe pembe fulani ya mashine husika, na ukiiambia vibaya digrii zote zinakuwa za uongo. «Hizi ni za kukuonyesha njia,» alisema. «Ushahidi wako ni daftari ya papa yako.» Nilitaka kumlipa, akachukua kidogo, kwa ajili ya kijana.

Tukawa sasa na kesi. Mahali pa kuipeleka ndipo palipotuchukulia majadiliano marefu katika familia. Chapa ina orodha ya vituo vyake kwenye tovuti, na Lubumbashi haimo. Johannesburg imo, ndege zipo, na garanti ya chapa ni ya kimataifa: kituo chochote kilichoidhinishwa lazima kiipokee kadi. Mimi nilipendelea Johannesburg kwa ukaribu. Yaya alishikilia Bruxelles, na hoja yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Ukinunua kitu dukani ndani ya Umoja wa Ulaya, zaidi ya garanti ya mtengenezaji unayo garanti ya kisheria ya miaka 2 juu ya muuzaji mwenyewe. Muuzaji hawezi kukuambia nenda ukamtafute mtengenezaji. Garanti ya chapa ilikuwa ya miaka 5, kama zilivyo siku hizi kwa chapa kadhaa kubwa za Uswisi, lakini ile miaka 2 ya sheria ilikuwa bado haijaisha, na ilikuwa karibu kuisha. Tukaamua Bruxelles.

Kusafirisha kwa kampuni za vifurushi nilikukataa baada ya kusoma masharti. Nyingi huweka ukomo mdogo wa fidia kwa saa na vito, au hazivipokei kabisa bila bima ya pekee. Tulimsubiri binamu aliyekuwa anasafiri, apite uwanja wetu wa ndege wa Luano hadi Addis Ababa na kuendelea. Kabla ya hapo tukatayarisha karatasi, na hapa ningemwomba msomaji asione uvivu.

Ankara halisi ya duka, yenye jina la Yaya, tarehe, namba ya saa, na kodi ya TVA ya 21% iliyolipwa Ubelgiji. Kadi ya garanti yenye tarehe na muhuri wa muuzaji. Kadi isiyojazwa tarehe ni kipande cha plastiki tu. Picha za saa kila upande, mwanga wa mchana, zikionyesha hata mkwaruzo mdogo uliopo karibu na kifungo, ili kesho asitokee mtu kubishana nani aliukwaruza. Mnyororo wa chuma tuliuvua ukabaki nyumbani, maana haukuwa na tatizo na haukuwa na sababu ya kusafiri. Binamu aliivaa saa kwa mkanda wa ngozi. Na kwa upande wa duane, yaani forodha, kabla ya kuondoka alionyesha saa na karatasi, akaomba iandikwe kwamba inatoka kwa matengenezo na itarudi. Sheria yetu ya forodha inautambua utaratibu huo wa kutoa kitu kwa muda kikatengenezwe. Bila karatasi hiyo, saa inayorudi inaweza kuhesabiwa kuwa saa mpya inayoingia, na utalipia kilicho chako.

Yaya aliipeleka dukani mwenyewe. Mhudumu alikuwa na adabu, lakini jibu lake la kwanza lilikuwa lile tulilolitarajia. Aliitia ufunguo, akaiweka kwenye mashine uso juu, ikasomeka vizuri, akasema saa iko ndani ya kipimo, tena saa za mitambo ndivyo zilivyo. Mtu asiye na daftari angeishia hapo, angerudi na saa yake mgonjwa na maneno mazuri.

Yaya hakubishana. Alifungua daftari mbele yake. Lilikuwa mwandiko wa Papa, safu zilizonyooka, tarehe, mkao, namba, mkao, namba. Akamwomba kitu kimoja tu: «Isimamisheni, kifungo chini, na muipime tena kesho bila kuitia ufunguo.» Ombi hilo lina maana, kwa sababu saa iliyojaa ufunguo huficha udhaifu wake, baada ya saa 24 springi imelegea na ukweli unajitokeza. Waliiacha pale usiku. Kesho yake walimpigia simu wao, wakasema inakwenda karakana, chini ya garanti, na wakampa namba ya kazi kwa maandishi.

Namba ya kazi na tarehe, pamoja na saini ya aliyepokea. Kila barua pepe iliyofuata Yaya aliiandika akianza na namba hiyo, fupi, bila kelele. Ilichukua miezi kadhaa. Papa hakulalamika, ila kila mara alikuwa anageuza mkono kuutazama, halafu anakumbuka.

Katikati karakana iliuliza maswali mawili. La kwanza, kama tunataka waisugue ganda ing'ae upya. Tulikataa kwa maandishi. Kusugua kunakula chuma, kona zinakuwa za mviringo, na chuma kikishaondoka hakirudi. Tena mkwaruzo ule wa karibu na kifungo ni wa siku ya ubatizo wa mjukuu, na Papa hataki uondoke. La pili lilikuwa kuhusu kioo, ambacho kilikuwa na alama ndogo: kukibadilisha kungekuwa kwa pesa yetu, kwa kuwa garanti ya saa inashughulikia kasoro za utengenezaji. Kilichogongwa, kilichopotea na kinachochakaa kwa matumizi ni juu ya mwenye saa. Tulikiacha.

Saa ilirudi na karatasi. Mashine ilikuwa imefumuliwa yote, ikaoshwa, ikatiwa mafuta upya, ikarekebishwa. Mipira ya kuzuia maji ilibadilishwa na ganda likapimwa kwa shinikizo, jambo ambalo lazima lifanyike kila saa ya aina hii inapofunguliwa. Yaya alipouliza sababu, walimjibu kwamba mafuta kwenye sehemu inayoachia mpigo hayakuwa kama yanavyotakiwa. Mzee wa Posta alikuwa ameliona hilo kwa sikio na maikrofoni ya simu. Hatukulipa hata faranga. Kazi yenyewe ilipewa garanti yake ya miaka 2, na karatasi hiyo tumeihifadhi pamoja na kadi ya kwanza.

Nilimpelekea fundi nakala ya karatasi ile yenye namba za kila mkao. Aliisoma polepole, akamwita kijana akamwambia azinakili zote, mkao kwa mkao, kwa sababu ni mara chache kijana wa hapa anaona karakana ya kule inavyoandika saa nzima inapaswa kusomeka vipi. Nilikaa nao mchana ule mpaka jua likahama, wakilinganisha.

Sasa saa inawahi sekunde mbili hivi kwa siku ikiwa mkononi mwa Papa. Kuitia ufunguo asubuhi bado tunafanya, kwa kuwa mkono wake bado ni wa mtu aliyestaafu. Akiivua anailaza uso juu, mbali na simu na spika.

Garanti ya chapa haijaisha. Miezi michache kabla ya tarehe yake tutarudia zoezi lote, mikao yote, hata saa ikionekana nzima, kwa sababu udhaifu ukijitokeza siku moja baada ya tarehe iliyo kwenye kadi, malipo ni yetu, na kuifumua mashine ya namna hii huko Ulaya ni mamia ya euro. Yaya ameshaiweka tarehe kwenye simu yake na mimi kwenye yangu. Papa ameniagiza daftari jipya, lenye mistari, maana la kwanza limejaa.